Maneno Mazuri Juu ya Falone

Mpendwa Mama Verdiane wa redio, naomba musaada wako, maana kuna neno nimelificha wiki tatu na linanikaba.

Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, ninasoma mwaka wa tano wa sekondari hapa Lushebere, baba yangu iko muchungaji wa ngombe, na kila asubuhi mbele ya masomo ninashusha maziwa kwa wanunuzi, na kwenye ile njia ukungu unafunika vilima mpaka hauoni miguu yako, njo pale ninasema Kingereza peke yangu, ninatamka mashairi tunayosoma na profeseri Nshimiyimana, mwezi, ua, ndege, mawimbi ya bahari ambayo sijaiona hata siku moja, na maneno yanatembea mbele yangu katika ule weupe kama vile kule ndani kuna kijiji kingine ambako watu wote wananijua. Ninapenda ile luga kupita kiasi, Mama.

Sasa, mugeni mumoja mwanamuke alifika kwenye kambi ya wakimbizi iliyo karibu na masomo yetu, na daftari yake ya kuandika habari za watu waliokimbia, hajui Kiswahili wala Kifaransa, mukalimani wake alibaki njiani na pikipiki imeharibika, basi profeseri akasema, "Huyu binti ataweza," nikasimama kama mwenye kuvaa nguo mupya, naye akatuacha akarudi darasani. Mama Colette, aliyekimbia kutoka Kibabi, akaketi mbele yetu akasema pole pole:

"Mwambie hivi. Mutoto wangu anaitwa Falone. Iko na miaka tisa. Tulipoteana kwenye njia siku tulikimbia, watu walikuwa wengi. Iko na kovu juu ya nyusi ya kushoto. Waandike jina lake, wamutafute."

Mama Verdiane, sikujua kovu kwa Kingereza, sikujua nyusi, sikujua hata namna ya kusema tulipoteana, nilijua mashairi tu, na niliona haya kumukimbilia profeseri na kusema sijui, basi nikafungua kinywa nikasema mutoto wake alikwenda kama ndege mudogo ndani ya ukungu, na mama angali anasikia mabawa. Yule mugeni akalia. Akaandika, akamukumbatia Mama Colette, akasema maneno ambayo tunasemaka kwa wafiwa, na mimi niliyaelewa, Mama, niliyaelewa pale pale, nikanyamaza.

Profeseri, mugeni alipomushukuru, alinisifu mbele ya darasa. Na Mama Colette, kila Jumapili nyuma ya misa, ananiletea maharagi kwa shukrani na kuuliza, "Bado hawajajibu, binti yangu?" Ninasema bado. Nikimwambia ukweli atanichukia, profeseri ataona kwamba sijui kitu, lakini nikinyamaza ile siku inazidi kunirudia hata katika masomo. Nifanye nini?

Mwanafunzi wa Lushebere

*

Binti yangu,

Jina lako nimelifunika, na barua yako haitasomwa kwa redio kama Mama Colette mwenyewe hajakubali. Jibu hili ninalituma kwa njia ya parokia, likufikie mukononi.

Sasa sikiliza. Kukosa neno si zambi. Mimi nilisoma Kifaransa miaka mingi na kuna maneno bado yananikimbia. Kosa lako ni kunyamaza ulipoelewa kwamba mugeni anatoa pole ya kifo. Ulizika mutoto ambaye mama yake anamungoja, ili profeseri asikuone mujinga. Ninasema kwa ukali kwa sababu kutengeneza bado kunawezekana.

Kingereza usikiache. Ile njia yako ya maziwa niliisoma mara mbili, na chai yangu ikapoa. Lakini Mama Colette alitoa jina, miaka na alama, na kitabu chako hakina shairi linalozidi maneno yale. Siku utaweza kuvusha maneno ya muntu bila kuyapamba, utakuwa umeanza kusoma.

Barua ilinifikia Jumatatu. Sikungoja, nikapigia simu watu wanaotafuta watoto waliopotea. Jina la Falone halikufika kwao. Walisema watoto kadhaa wa zile siku watu walikimbia Kibabi waliandikwa upande wa Mubi, wanatunzwa katika jamaa za watu. Sikuahidi kitu. Ninakupa kile nilisikia.

Siku ile ile utapokea hili jibu, ukitoka masomo, anza kwa profeseri. Mwambie kama ulivyoniambia, na mumuandikie yule mugeni mistari minne ya wazi. Kisha mwende wote wawili kwa Mama Colette. Usilie ili akubembeleze, ile si kazi yake. Sema, "Mama, sikufikisha maneno yako." Akikasirika, kaa umusikilize. Akikufukuza, rudi kesho yake.

Alhamisi ya wiki hii asubuhi, Mama Byukusenge wa ile kazi ya kutafuta watoto atafika kwenye parokia yenu. Anasema Kiswahili kama sisi, hahitaji mukalimani. Musindikize Mama Colette, keti kando yake, na umuache aseme mwenyewe.