Paneli Nne na Ukurasa wa Pili

3 Machi

Mama yangu mzazi, uliye juu yetu sote. Mke wangu, mwenye nyumba hii kwa haki kuliko mimi. Mdogo wangu seremala. Na wewe binti yangu, usiyekuwapo:

Hujambo? Sisi wazima, ila goti la bibi yako. Kama ujuavyo, barua zangu huzisoma kwanza mbele ya kikao cha nyumbani baada ya chakula cha mchana, na zako vilevile. Ualimu mkuu niliustaafu, kikao hakikustaafu.

Jana nilisinzia kibarazani nikaota paa letu limekuwa bwawa. Mwanga ulikuwa umetuama juu yake, na mama yako akauteka kwa ndoo na kuumimina taratibu juu ya cherehani yake. Hakuna aliyelowa. Nilipoamka nilijua la kufanya. Paneli nne zimekwisha kufika. Zimeegemezwa ukutani sebuleni, na bibi yako hujitazama ndani yake akifunga kilemba. Nitazipandisha mwenyewe. Wewe ndiwe fundi wa umeme wa jua, tuelekeze.

Baba yako

14 Machi

Shikamoo Baba. Shikamooni nyote, kwa utaratibu uleule. Mimi mzima, ila pua imebabuka kwa jua.

Nakuandikia nikiwa nimepumzika juu ya paa la ghala. Huku sauti za watu hufika zikiwa zimechoka, na kivuli cha wingu hupita juu ya mabati polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Ndoto yako naielewa.

Sasa kazi. Tumieni paa la banda la kuni, si la nyumba: ni la chini, na mbao zake ni mpya. Boliti ziingie kwenye mbao za kenchi, si kwenye bati peke yake, na kila tundu lizibwe kwa mpira. Chini ya paneli acheni nafasi ya kiganja, hewa ipite. Mnapounganisha nyaya zifunikeni kwa blanketi zito, kwani paneli haina swichi ya kuizima. Ikiona mwanga inazalisha umeme. Paa likiwa na unyevu, msipande. Na kuuingiza umeme huo kwenye nyaya za nyumba, mwachieni fundi mwenye cheti.

(Ukurasa wa pili.) Baba, kenchi za nyumba zimeliwa na mchwa upande wa sebule. Niliziona likizo iliyopita nilipopanda darini kutafuta sanduku langu, na ni kosa langu kutosema. Na wewe usipande kabisa, popote. Una miaka sabini na moja na miwani huitaki. Apande baba mdogo, akiwa amefungwa mkanda wa usalama. Usikasirike nikikwambia hivi mbele ya kikao. Nikija, nataka nikukute.

Mwanao

19 Machi

Binti yangu, hujambo? Barua yako imesomwa na kikao kimeishangilia. Mdogo wangu aliuliza, "Ndio mwisho wa barua, kaka?" Nikamjibu, "Ndio mwisho." Kwa banda sikubaliani nawe, mwanga wa paa la nyumba ni mpana zaidi. Jumamosi nami nitakuwa huko uliko wewe, juu, ambako sauti hufika zimechoka.

Baba yako

2 Mei

Shikamoo Baba. Wiki sita sasa. Kila paa ninalopanda nasikia hatua za mtu mwingine kando yangu; nikigeuka, ni mabati tu yanajinyoosha kwa joto. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

Mwanao

11 Mei

Mke wangu, ambaye leo nakutaja wa kwanza, mama yangu, uniwie radhi kwa hilo, mdogo wangu, na wewe binti yangu, niliyekunyima jibu:

Nilipanda. Hatua ya tatu, bati likazama, kenchi ikavunjika kama biskuti, nikapita kwenye dari. Kwa kitambo nilielea, na vumbi likang'aa pande zote. Nikadhani naota tena. Kisha nikaangukia kiti cha bibi yako. Alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kwenda kunawa mikono. Angechelewa kuinuka kidogo tu, ningemwangukia yeye, na leo nisingekuwa na uso wa kuandika haya.

"Nilikuzaa uingie kwa mlango," ndilo neno lake la kwanza.

Hospitalini mama yako alinivua koti, akaukuta mfukoni ukurasa wa pili, niliokuwa nimeukunja bila kuusoma mbele ya kikao. Akausoma palepale, kwa sauti, wodi nzima ikisikia. Mdogo wangu akasema, "Kumbe haukuwa mwisho." Mkono wangu uliovunjika umetolewa plasta juzi, lakini nisikudanganye: mama yako angeweza kukuandikia, mimi nikamkataza. Niliona aibu.

Kwa hiyo natangaza uamuzi, na kikao kiutekeleze. Jumamosi hii, paa likiwa kavu, paneli zote zitafungwa juu ya banda. Mdogo wangu atapanda, na mkanda. Mke wangu atasimama uani na kurasa zako zote mbili, azisome kwa sauti. Boliti isikazwe kabla sentensi yake haijaisha. Mama yangu atakaa mbali na kila kilicho juu. Na mimi nitakalia kidato cha chini kabisa cha ngazi ili isiteleze, wala sitainuka mpaka niambiwe.

Baba yako