Kwa Athumani, Aliyekuwa Akinigongea Trela

Ndugu yangu Athumani,

Leo Jumapili nimetoka kanisani nikaja yadi badala ya kwenda nyumbani. Mlinzi amenizoea, alinifungulia lango. Nimekaa juu ya trekta yetu ya kuzoa taka nikiandika, na karatasi imeshashika grisi, utanisamehe.

Tangu tukuzike sina mtu wa kubishana naye. Mke wangu na watoto wamebaki kwetu Kakamega, unajua. Kazini watu ni tele, lakini nashinda kutwa bila kutamka neno la maana, jioni narudi chumbani Kaloleni, napika chai ya watu wawili. Upweke huu umenichosha kuliko taka.

Kwenye maziko yako nilijiaibisha. Nilivua kofia kama tunavyofanya sisi, kumbe kila kichwa pale makaburini Kariokor kimevaa kofia. Mjomba wako akaichukua mkononi mwangu, akanivisha mwenyewe. Hapo ndipo nililia.

Trekta inafanya kazi. Maji ya rejeta najaza kila asubuhi, oili naiangalia kabla ya kuwasha, grisi natia Jumamosi. Yote ulinifundisha wewe, mpaka goti lako lilipokataa kukanyaga klachi, ukaniachia usukani, ukapanda trela ya taka na spana yako. Watu walidhani umeshushwa cheo. Hawakujua kwamba mimi naendesha kwa masikio. Ukigonga bati la trela kwa spana mara moja, nasimama. Mara mbili, naondoka. Tukikaribia lango la yadi ulikuwa ukigonga haraka haraka, yaani nifunge mafuta ya taa ya kutembelea nifungue petroli ya kuwashia, injini imalizie nayo, ili kesho yake iwake bila matata. "Usimlaze bila petroli, Wekesa, ataamka na kisirani." Nami nakujibu kwa kelele kwamba nimesikia, mzee, mimi si kiziwi.

Basi wiki ile ya kwanza hakuna aliyegonga. Nikaizima ikiwa bado inakula mafuta ya taa. Asubuhi ikakohoa, ikanyamaza. Nilizungusha hendeli mpaka mabega yakawaka moto, nyapara amesimama pembeni anatazama saa. Mwishowe nikayatoa mafuta ya taa yote yaliyobaki ndani ya kabureta, nikayamwaga chini, nikaanza upya na petroli, ikawaka. Mapipa ya taka ya mtaa wa Ziwani niliyafikia jua limeshakuwa kali, na kina mama walinitukana sawasawa. Ungekuwepo ungecheka hadi ukohoe.

Nyapara akaniletea mtu wa kukaa mahali pako. Anaitwa Odhiambo, mtu mzima, mpole, hana neno na mtu. Nikamkataa. Nilisema ni mchelewaji, na si kweli. Nilisema vibarua wa kupakia wananitosha. Sikutaka mkono mwingine ushike spana yako, ndiyo habari yenyewe.

Juzi Ijumaa nilikuwa narudi kinyumenyume kati ya nyumba za Ziwani. Vibarua walikuwa mbele na mapipa. Nyuma kimya, nami nikadhani kimya ni njia nyeupe. Mara mama mmoja akapiga ukelele, nikakanyaga breki. Niliposhuka, mtoto wake mdogo alikuwa amekaa chini anachezea kifuniko cha pipa, na gurudumu la trela liko pale pale karibu na mguu wake. Hakuumia. Mama alimbeba akaenda zake. Mimi, Athumani, nikakaa vumbini mbele ya watu.

Nyapara amesema kesho nimpokee Odhiambo au niteremke kwenye trekta moja kwa moja. Hakuwa na haja ya kunitisha. Jana nilikwenda kwa Odhiambo mwenyewe, nikamwomba radhi, nikamkabidhi spana. Tulikaa mlangoni kwake nikamgongea sufuria, ishara ya kusimama, ya kuondoka, na ile ya petroli. Mkewe alituona wendawazimu. Ameshika upesi kuliko mimi nilivyoshika.

Ninachoogopa ni kesho, atakapogonga mara ya kwanza. Nitageuka nikikutafuta wewe, najijua.

Pumzika, ndugu yangu. Mungu akupokee vizuri, na goti lako lipone huko. Nakuahidi nitamsikiliza Odhiambo kama nilivyokusikiliza wewe, na akigonga mara moja, hata nikigeuka nikamkuta ni yeye, si wewe, nitasimamisha trekta hivyo hivyo.

Wako,
Wekesa