Nimeona Seli za Saratani Zikifa kwa Manjano. Kaka Aache Dawa?

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka kwa furaha!

Mimi naosha vyombo kwenye maabara ya utafiti, na wiki jana mtafiti mmoja aliniita nichungulie kwenye hadubini, nikaona seli za saratani ya ubongo zilizowekewa dawa iliyokamuliwa kwenye manjano, kile kiungo cha mboga, zimesinyaa, zimekufa kabisa, shangazi, na mimi nina kaka yangu fundi wa kuchomelea, katolewa uvimbe wa saratani kichwani na mkono wa kulia ukalegea hata kijiko hakishiki, basi nikakimbilia dukani nikanunua vidonge vya manjano vile vikali, nikampa bila wifi kujua, na siku ya nne kaka akanyanyua kikombe mwenyewe! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio. Sasa kaka anasema, “Mdogo wangu, dawa za hospitali zinanitapisha, nibaki na hizi zako,” na amesharuka dozi mbili, wifi kagundua, kanijia juu: “Mume wangu si wa kufanyiwa majaribio! Usikanyage kwangu!” Nani kakosea?

Mwosha Vyombo

Mwosha Vyombo,

Umenichekesha na kunitia kiwewe kwa pamoja. Ndiyo maana sikungoja gazeti lichapwe, nikakupigia simu: kaka arudie dawa leo hii, nawe umpelekee daktari hivyo vidonge avione. Ulinifokea, ukalia, ukaenda. Vizuri.

Umesikia daktari alivyokuambia: mkono huenda umeamshwa na mazoezi na kupona kwa kidonda, siku nne za manjano hazithibitishi kitu. Manjano ya kwenye mboga, ale. Vidonge vikali vinaweza kugombana na dawa zake. Na wewe, mtu wa maabara, hukujiuliza? Kile kisahani cha seli ulichochungulia hakina ini wala damu, na si kila tunachomeza kinafika kwenye ubongo! Watafiti wanahangaika miaka kwa sababu hiyo. Furahia kazi yao, usiwatangulie.

Kutapika kuna dawa yake, kaka aiombe kliniki. Andikeni kila anachomeza, daktari akione. Na wifi yako muombe radhi, bila “lakini”.

Jana wifi yako alinipigia. Anasema kaka kafunga kamba za viatu mwenyewe, akazifungua, akafunga tena, anacheka peke yake kama mwendawazimu. Anataka uje uone.

Nenda. Tena mikono mitupu.