Umekufa na Nywila Yetu

Dada Zuhura,

Leo sikupi shikamoo. Shikamoo hupewa mtu anayeweza kuitikia, na wewe umenyamaza tangu masika. Nina hasira na wewe. Nimejaribu kuliandika jambo hili kwa upole, kama mwalimu wetu wa Kiswahili anavyopenda, lakini upole haukubali kukaa kwenye sentensi yake.

Umekufa na nywila yetu.

Wewe uliyekuwa ukisimama kila mwaka pale Tandika, kwenye ule uwanja wa shule ya msingi, Siku ya Programu Huria, ukiwaambia watu kwamba programu njema ni ile ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua, kuisoma, kuirekebisha na kumpa jirani yake bila kuomba ruhusa. "Kitu kikijulikana na mtu mmoja tu, kimeshakufa nusu," ulisema, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa darasa nimeshikilia waya wa umeme usichomoke, nikaandika maneno hayo kwenye kiganja. Kumbe tovuti yetu, yenye masomo yote tuliyoyaandika na kuyatafsiri kwa Kiswahili, ilikuwa na mtu mmoja tu duniani anayeweza kuingia ndani yake. Hatukuwahi kukuuliza. Ulikuwepo, tukaona inatosha.

Wiki ya arobaini yako tovuti ikazimika. Kaka Deo wa kikundi chetu alitueleza kwamba kila baada ya muda mwenye tovuti hutakiwa kuthibitisha kuwa bado yupo, na ujumbe wa kuthibitisha huenda kwenye simu yake. Kuwa bado yupo. Mashine huko ng'ambo ilikuuliza kama upo, ukashindwa kujibu, ikafunga mlango.

Wakanituma mimi kwa mama yako. Watu wazima, wenye kazi zao na ndevu zao, wakamtuma mwanafunzi wa kidato cha tatu akaombe simu ya marehemu, eti kwa sababu "Neema ndiye aliyekuwa mdogo wake." Nilimkuta anachambua mchele wa hitima. Nilimwamkia, nikakaa mkekani, nikaanza kuchambua naye. Akanisaidia: "Sema, mwanangu." Nikasema. Akaweka ungo chini akaniangalia.

"Mnaitaka simu ya mwanangu, au mnamtaka mwanangu?"

Niliokota punje zilizomwagika mkekani. Na wewe ndiye uliyeniweka pale, Dada Zuhura, mbele ya mama yako, bila jibu. Simu alinipa. Tukabahatisha namba ya kuifungulia mpaka ikakataa kabisa kuguswa. Niliirudisha ikiwa imefungwa zaidi kuliko nilivyoichukua.

Kuna na lile la moyo wako. Nilikaa nawe pale steshenari karibu kila siku baada ya shule, mimi nikitafsiri, wewe ukichapa barua za watu za kuomba kazi, na sikujua kwamba moyo wako ulikuwa mgonjwa tangu utotoni. Niliambiwa msibani na shangazi yako, kando ya masufuria, kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia ya sokoni. Ndipo nikakumbuka ile siku uliyoketi ghafla kwenye ngazi za darasa, mkono kifuani. "Nimechoka tu, Neema wa vitabu. Nenda kahesabu viti." Nikaenda. Nilivihesabu viti vizuri sana, nikarudi na jibu sahihi. Ulinituma nikahesabu viti ili nisikuone unahema.

Mwalimu wa uwazi.

Msibani watu walisema maneno matamu. Yule aliyesema ulikuwa nguzo yetu, mimi sijawahi kumwona akibeba hata benchi moja. Nilitaka kusimama niseme hivyo. Unanijua. Sikusimama.

Siku yetu ilipokaribia, Kaka Deo aliitisha kikao palepale steshenari, tukakaa juu ya maboksi ya karatasi. Akasema kuna kampuni moja ya Mikocheni iko tayari kutushika mkono. Italeta programu yake, masomo yake, fulana na maji ya kunywa. Ila programu yenyewe hainakiliki. Mtu anajiandikisha kwa namba yake ya simu, anaitumia bure kwa muda, halafu inajifunga mpaka alipie.

"Siku ya Programu Huria, na programu yenyewe siyo huria?" Nilidhani nimesema moyoni. Wote wakageuka.

"Neema, tuseme ukweli," Deo akasema. "Masomo hatuna. Watu watakuja kufanya nini, kuimba?"

Wakacheka. Kwa siku nyingine ningecheka nao. Macho ya Deo yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na nilijua hana raha na anachokisema. Sikumchukia yeye. Nilikuchukia wewe.

Utauliza, sie wote tulioandika masomo yale, nakala zetu ziko wapi? Aibu yetu ndiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa nayo. Mpishi hajipakulii, tulikuwa na tovuti, nani ahangaike kunakili? Mimi sina kompyuta nyumbani, na ile ya steshenari uliyokuwa ukitumia tajiri wako aliiuza. Kaka Deo unamjua, anafuta kila kitu na kuanza upya kila akisikia toleo jipya la programu limetoka. Wengine nao vilevile. Tulihubiri kunakili miaka yote hiyo na hatukunakili.

Sasa nikukumbushe ile foleni yako ya mlangoni. Nilikuwa naichukia. Ulisema mtu asitoke bila masomo kwenye flashi au simu yake, na asiyachukue kwetu. Ayanakili kwa aliyemtangulia, kisha asimame pale ampe anayemfuata. Jua linawaka, watu wananung'unika, sie tungeweza kuwagawia wote upesi na kwenda kula. Mzee mmoja alikuuliza, "Binti, hii semina au foleni ya maji?" Ukamjibu, "Ya maji, mzee. Mpokeze mwenzio ndoo." Akacheka, akaganda hapohapo hadi aliyemfuata alipomaliza. Deo alikuwa akininong'oneza kwamba Zuhura anapenda tu kututesa.

Basi Mama Jose, yule anayeuza sare za shule karibu na kituo, alikuja steshenari kutoa kopi ya kitambulisho. Mimi siku hizi naenda tu kukaa pale, sijui kwa nini. Akaniambia, "Mwanangu, hivi tovuti yenu mmeifungia wapi? Bahati yangu somo la hesabu za duka ninalo humu." Akanyanyua funguo zake za nyumba. Katikati ya funguo ilikuwa inaning'inia flashi.

Niliitazama flashi ile kama mjinga.

Kesho yake nikabandika karatasi mlangoni: kama ulipita kwenye foleni ya Dada Zuhura, tuletee flashi yako tunakili. Karatasi peke yake haikuleta watu wengi, ikabidi nitoke. Mimi, ninayejifanya nimesahau jibu ili mwalimu asinisimamishe. Nilikwenda Segerea, nikaenda Kinondoni, siku za Jumamosi na baada ya ibada Jumapili, nikigonga milango ya watu waliowahi kupita kwenye foleni yako na kusema "Samahani" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Kijana mmoja wa bodaboda alinifanya nirudie mara tatu, kisha uso ukang'aa. "Zuhura yupi, yule wa 'kipanya cha kompyuta hakiumi'? Si useme, sista!" Akatoa simu yake. Masomo yalikuwemo. Nilipomwambia umefariki aliivua kofia yake ngumu akaishika mikononi, na abiria wake akimsubiri.

Flashi zilikuja. Zina harusi za watu, singeli, mahubiri, picha za watoto wachanga, na katikati yake masomo yetu. Lakini hayakuwa yetu tena kama tulivyoyaacha. Mwalimu mmoja wa madrasa wa Segerea alikuwa ameongeza mifano ya kupanga majina ya wanafunzi wake, mizuri kuliko yangu. Mtu mwingine alisahihisha tafsiri yangu mahali nilipokosea, tena kwa adabu. Na ule mstari wako unaoanza kila somo, "Ukikosea, hujaharibu kitu," kuna mtu wa Kinondoni aliongeza chini yake: "isipokuwa kama umemwagia chai." Nilicheka hapo, kisha nikalia, kisha nikakasirika upya, kwa sababu mtu wa kwanza niliyetaka kumwonyesha ni wewe.

Kikao cha pili nilisimama. Sikupanga, miguu ndiyo ilisimama. Niliweka kompyuta ya kuazima mbele ya Kaka Deo nikasema yote yapo humu, isipokuwa moja. Alisoma, akishuka ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika kwenye chai akafunika mdomo.

"Kampuni nitawapigia mie, niwaambie wasije," akasema.

Hilo moja lililokosekana unalijua. Ni lile la mtu kutengeneza ukurasa wake mwenyewe wa tovuti, ulilokuwa ukiliandika peke yako. Kila nilipokuomba tuliweke kwenye foleni ulisema, "Bado, Neema. Mpaka likamilike." Hakuna flashi yenye somo hilo, kuanzia Tandika hadi Kinondoni, kwa sababu hukumpa mtu. Masomo yenye makosa yamepona. Ulilolitunza ndilo lililokufa nawe. Hili sijakusamehe. Moyo wako uliufanyia hivyohivyo, hukutaka tuuone mpaka upone. Tungekubebea viti, Dada. Tungekubeba na wewe.

Somo hilo nimeliandika upya. Sehemu ya mwisho siielewi vizuri, nikaandika hapo kwamba siielewi, anayejua aongeze. Nimelitoa likiwa hivyohivyo.

Siku ilifanyika. Hapakuwa na fulana, na maji yaliisha mapema. Umeme ulikatika, ukarudi. Jioni foleni ilipoanza kujipanga mlangoni nikamwona mama yako nyuma kabisa, ameshika flashi mpya bado ikiwa kwenye kifuko chake cha plastiki. Hana kompyuta, unajua. Kaka Deo akamkimbilia, "Shikamoo mama, njoo mbele huku nikuwekee mie."

"Marahaba, baba. Nani kanitangulia?"

Alikuwa kijana mdogo kuliko mimi. Akamnakilia. Kisha mama yako akasimama pembeni akisubiri wa kumpa. Alikuwa wa mwisho, hapakuwa na mtu nyuma yake. Nikaacha waya wa umeme, nikaenda kusimama nyuma yake. Nikanakili masomo yako kutoka mikononi mwa mama yako. Hiyo ndiyo nakala yangu ya kwanza, ninayo kwenye flashi shingoni hapa ninapoandika.

Bado nina hasira. Nadhani nitakuwa nayo kwa muda, na sitaificha, maana nimeona kuficha kunafanya nini. Mwenyezi Mungu akulaze pema na akupe pumzi ya kutosha. Nakuahidi sitashika peke yangu kitu ambacho wengine wanakihitaji, hata kama ni kibovu, hata kama ni aibu, hata kama ni ugonjwa. Siku moja kifua changu kikibana nitasema kinabana, na wengine ndio watahesabu viti.

Shikamoo, Dada Zuhura. Nimeshindwa kuizuia hadi mwisho.

Tovuti mpya imefunguka wiki hii. Nywila yake wanaijua watu watatu: Kaka Deo, Mama Jose na mimi. Wewe huijui. Ukiitaka, njoo uniulize.

Mdogo wako,
Neema