Uso wa Diamant wa Mutoto Wetu Généreuse

Kashebere, siku ya Mungu, tarehe 21 Agosti 2022

Mupendwa kaka yangu Jérémie,

Salamu nyingi zikufikie huko Lubumbashi, wewe pamoja na wote wanaolala chini ya paa lako. Unaendelea namna gani? Mugongo uliokusumbua mwaka uliopita umepoa? Na baridi ya huko, mumeizoea ao bado munalala na makoti? Utujibu, juu tukikosa habari zako roho zetu hazitulii.

Sisi tuko wazima, Mungu anatusaidia. Mume wangu Papa Émile ametoka kanisani na sasa anasinzia ku kiti, kofia imemufunika macho. Muhogo umetoa vizuri mwaka huu. Njia ya Nyabiondo imeharibika tena, lakini pikipiki zinapita.

Kaka, ninajua uliumia sana kwa kushindwa kufika ku ndoa ya mutoto wako. Ku simu réseau ilikatika mbele ya kukuelezea. Njo maana ninaandika. Nataka ujue yote, hata yale tuliyokuficha ili usihangaike bure huko mbali.

Unajua Généreuse tangu masomo alikuwa anaficha uso. Wenzake walimuita "Mashavu", na jina likamushika. Alisuka mèche ndefu, zile nywele za kuongezea, akaziacha zianguke pande mbili, mpaka muntu akizungumuza naye anaona macho na pua tu. Mimi nimemulea tangu mama yake alipotuacha, lakini tangu alipokuwa mukubwa sikuwahi kuuona uso wake wote.

Mwezi wa ine alipata tifoidi. Tulimupeleka ku hopitali, akapona, tukashukuru. Kumbe haikuisha. Siku za ndoa zikiwa zinakaribia, nywele zikaanza kumutoka. Akichana, zinabaki mu kitana. Akiamuka, zinabaki ku muto wa kulalia. Muganga alitueleza kama ni ule ugonjwa uliopita njo unafanya vile, na kama zitaota tena. Lakini kichwa kilikuwa na mabaka. Siku moja Généreuse akachukua wembe, akanyoa zote, akajifungia mu chumba. Alitaka tumuambie Édouard, muchumba wake, kama ndoa haiko tena.

Édouard alikuja toka Nyabiondo, akaketi chini ku mulango wa chumba. "Généreuse," akamuambia, "mimi sikuchumbia nywele." Hakufungua. Kijana akaketi pale mpaka uji niliomuletea ukapoa mbele yake, kisha akarudi kwao. Toka siku ile nilimupenda kama mutoto wa tumbo langu.

Shida ilikuwa mama ya Édouard, Mama Adelaïde. Aliposikia, alitutumia perruque ndefu, nywele za bandia za kuvaa, ndani ya mufuko, na neno lake: bibi arusi aivae, ao tungojee mpaka nywele zirudi. Mimi nilikasirika. Papa Émile akaniomba ninyamaze kwanza.

Ile perruque ilikuwa ya kunyooka, imepanda juu ya utosi na kushuka ikibana mashavu. Généreuse aliivaa mbele ya kioo. Uso wake ukaonekana murefu, mwembamba, wenye huzuni. Akaivua, akalia.

Njo pale nikamuita dada Twizeyimana. Wewe haumujui. Alitoka upande wa Masisi, akafungua salon ya nywele pale magari ya Walikale yanasimama. Ni mwanamuke wa maneno machache. Aliingia, akamuketisha Généreuse karibu na dirisha, akamutazama sana.

"Toa kitambaa cha kichwa."

"Dada, iko mubaya."

"Sijasema iko muzuri ao mubaya. Nataka nione umbo."

Alifurahi kwamba kichwa kimenyolewa, juu nywele zinadanganya, muntu hawezi kujua sura yake mpaka azirudishe zote nyuma. Akatoa uzi wa kushonea. Akapima paji la uso kwa upana, akakata. Akapima toka shavu mpaka shavu, pale mifupa imetokeza, akakata. Akapima taya. Akalaza zile nyuzi ku meza, moja pembeni ya ingine. Uzi wa mashavu ulipita zote. Wa paji na wa taya zilikaribia kulingana. Kisha akamugusa kidevu, unajua vile kimechongoka.

"Unaona? Juu kwembamba, katikati kupana, chini kwembamba. Hii sura wanaiita diamant, sawa jiwe la almasi. Ku salon yangu sura za muviringo napata kila siku. Hii inakuja mara moja moja."

Papa Émile alikuwa anasikiliza toka inje. "Kwetu Walikale wanachimba dhahabu na kasiteriti," akapaza sauti, "kumbe diamant tunakula nayo ugali!"

Généreuse akacheka. Kaka, nilikuwa nimesahau vile anacheka.

Dada Twizeyimana akamueleza kama zile mèche za kuanguka wima, na ile perruque ya kupanda juu, zote zilikuwa zinaufinya uso, na mashavu njo yanazidi kutokeza. Sura kama hii inaomba upana ku paji na karibu na kidevu, ili mashavu yasibaki peke yake. Basi asinyoe tena pembeni. Nywele ziachwe ziote juu ya masikio na mbele ya paji, zilazwe upande, na zile za ku utosi zipunguzwe. Herini nyembamba za kuning'inia aache. Avae zenye kupanuka chini, kama tone la maji. Na kitambaa asikipandishe kama munara, akifunge nyuma kidogo ili paji lionekane, mikunjo ienee pembeni.

"Na mashavu nayaficha namna gani?" Généreuse akauliza.

"Mashavu haufichi. Wengine wanapaka poda kila asubuhi wakiyatafuta."

Aliniuliza mutoto alitoa wapi uso huu. Nikamuambia: kwa mama yetu, ukapitia kwa baba yake. Ni kweli, kaka. Ulipofuga ndevu watu wote walisema umekuwa muzuri, kumbe ndevu zilikuongezea upana ku kidevu na wewe haukujua!

Toka hapo mutoto akaanza kutoka. Kwanza ku soko na kitambaa chake kimefungwa vile alivyofundishwa. Kisha ku kisima. Kisha kanisani, kichwa wazi, nywele fupi sawa majani mapya, lakini zimetengenezwa vizuri. Wamama waligeuka kumutazama. Hakuinamisha kichwa, na mimi nyuma yake niliimba kwa nguvu kupita kwaya.

Siku moja akaniambia: "Shangazi, Mama Adelaïde nitamurudishia kitu chake mimi mwenyewe."

Nilitaka tumutume muntu, juu niliogopa ugomvi. Akakataa. Basi tukapanda pikipiki mbili mpaka Nyabiondo, tukafika na vumbi mpaka ku nyusi. Mama Adelaïde alikuwa mu kiwanja, anachagua maharagi. Généreuse akapiga goti, akamusalimia kwa mikono miwili, akamupa ule mufuko. Kisha akavua kitambaa.

"Mama, nimekuja unione wewe kwanza, mbele ya watu wote kuniona. Perruque yako iko muzuri, lakini nikiivaa siko mimi."

Mama Adelaïde akaweka maharagi chini. Nikajitayarisha kujibu, nilikuwa na maneno mengi mu kinywa. Lakini aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mudogo wangu nywele zilimutoka vile vile. Tukamuzika mbele ya Noeli. Mutoto wangu, niliposikia habari yako sikuwaza watu. Niliwaza kaburi, na sikuweza kuona kichwa kama kile mara ya pili."

Sisi hatukujua. Hata Édouard hakujua kama mama yake alikuwa anabeba kitu kama hicho.

Généreuse akachukua mukono wa yule mama, akauweka ku kichwa chake. "Shika, Mama. Zinaota. Mimi nimepona." Yule mama akashika nywele, akazisugua kidogo kama muntu anayepima kitambaa ku soko. Mukono ukashuka mpaka ku mashavu, ukabaki pale.

"Haya mashavu hayana ugonjwa," akasema.

Wakalia wote wawili, na mimi nikalia. Maharagi aliyokuwa anachagua njo tulikula siku ile ile.

Kaka, mutoto wako hakufundishwa na muntu kufanya vile. Mimi ningemupelekea hasira. Yeye alimupelekea kichwa chake wazi. Ninakuandikia hii nikiwa na majivuno, na siombi musamaha.

Ndoa ilikuwa siku ya posho, Jumamosi tarehe kumi na tatu. Dada Twizeyimana alikuja mapema na vitana vyake. Nywele za mbele akazilaza upande ku paji, akamuvalisha herini za tone. Kanzu ilikuwa na shingo pana, Généreuse alichagua mwenyewe. Papa Émile akamushika mukono kwa jina lako, na alitangaza hivyo kwa sauti ku mulango wa kanisa ili watu wajue baba yake ni nani.

Pale pale upepo ukapiga, kitambaa cheupe cha arusi kikamuangukia uso wote. Nilikuwa nyuma na mikono imejaa maua. Mama Adelaïde akatoka ku benchi ya mbele, mbio, na viatu vyake vipya. Akakishika kile kitambaa kwa vidole, akakirudisha nyuma ya masikio, taratibu, mpaka mashavu yote mawili yakawa wazi. Kisha akageuka kwa watu wa Nyabiondo na wa Kashebere, waliokuwa wamesimama.

"Mumuone vizuri," akasema. "Huyu ni wangu."

Umusalimie muke wako Mukamurenzi, mama wa pili wa mutoto wetu, na watoto wote. Papa Émile anakusalimia. Ameamuka sasa na anauliza kama nimeandika ule muzaha wake wa diamant. Mama Adelaïde anasema ukija usipite Nyabiondo bila kula. Généreuse na Édouard wanakuamukia kwa heshima.

Mungu akupe afya, akufungulie njia ya kurudi, akuweke mu mukono wake mpaka tuonane macho kwa macho.

Ni mimi dada yako, mwenye kukupenda pasipo kuchoka,

Laetitia