Farasi wa Mzee Mwinyimvua na Pikapu Yetu

Jumatatu, 2 Septemba 1957

Leo mume wangu, Baba Candida, kamwangusha mtu mtaroni. Hakumgonga. Kampigia honi tu.

Tulikuwa tunarudi kutoka Pugu, tumepeleka maharage misheni. Barabara nyeupe, jua kali, na mbele yetu mpanda farasi, mwendo wa bibi harusi. Mimi nilimwona tangu mbali. Nikangoja mwenzangu apunguze. Hakupunguza. Tulipomkaribia kabisa ndipo aliposhtuka, akaikandamiza honi kama anaamsha maiti. Farasi akaruka huku, mpanda akaruka kule. Bahati nzuri mtaro ulikuwa na matope laini.

Aliyeinuka mtaroni ni Mzee Mwinyimvua, mume wa Bi Mwanamkuu, yule anayepika vitumbua pembeni mwa duka letu. Alitunza farasi wa Wazungu miaka mingi. Bwana wake wa mwisho aliporudi kwao Ulaya akamwachia huyu farasi jike mzee, Waridi. Hamuuzi, hambebeshi mzigo. Siku za harusi humpandisha bwana harusi, siku nyingine wanatembea tu, yeye na Waridi wake, kama watu na wapenzi wao.

Matope yanamdondoka ndevuni, akasema kwa adabu zote za pwani: Habari za safari, Bwana Polycarp?

Mume wangu akajibu: Nzuri. Lakini huyo mnyama wako hana taa ya nyuma.

Nimecheka mpaka Mnazi Mmoja. Kwa ndani, maana tunakaa kiti kimoja.

Jumanne, 3 Septemba

Mzee Mwinyimvua kaja dukani. Kanzu imepigwa pasi, kofia nyingine. Nikajua ni mashtaka. Nikamwamkia shikamoo, nikaleta kahawa na kiti chenye miguu minne mizima.

Kumbe hakuja kugomba. Kaanza na habari za watoto, za mvua, za bei ya maharage, mpaka kahawa ikapoa. Ndipo akasema: farasi ana masikio, bwana. Gari likitoka nyuma kwa kelele, yeye hajui kama ni gari. Anajua ni simba. Ukimwona, punguza mwendo, usipige honi, mpite kwa mbali. Basi.

Baba Candida naye hakukubali kufundishwa bila kufundisha. Kasema mpanda farasi naye akae kushoto kama watu wote, aache kulala usingizi juu ya tandiko, atoe mkono anapotaka kukata kona. Mzee akasema yeye halali usingizi, ila macho hufumba kidogo kwa vumbi. Wakacheka.

Wamekubaliana hivi. Mzee akiinua mkono juu, gari linasimama mpaka farasi atulie. Gari likishapita, dereva anatoa mkono dirishani, ndiyo asante. Wameshikana mikono kama magavana wawili. Hati wamekosa tu.

Nimefurahi. Wanaume wawili wazima wamepatana bila mke wa yeyote kuitwa.

Jumatatu, 9 Septemba

Mapatano yamedumu siku sita.

Barabara ile ile ya Pugu. Mara hii Mzee alikuwa anakuja mbele yetu, uso kwa uso. Lori la mkaa lilikuwa limempita muda huo huo, Waridi anacheza miguu, hataki kutulia. Mzee kainua mkono. Kauinua juu hasa, kanzu imeshuka mpaka kiwiko. Nikasema, Baba Candida, mkono. Akasema, mkono gani? Na tukapita. Kikanyagio cha tandiko kimekwaruza ubavu wa gari kuanzia taa hadi nyuma.

 Mzee aligeuka tu akatutazama. Ningependa zaidi angetutukana.

Njia nzima mume wangu ananiambia Mzee hakuinua mkono. Kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kichagga, na akishaingia Kichagga mjadala umefungwa. Lakini mimi niliuona. Ni farasi, si nzi. Mtu anakosaje kumwona farasi?

Jumatano, 11 Septemba

Asubuhi Baba Candida kaingia dukani kutoka nje, jua liko mgongoni kwake. Akasimama kwa heshima mbele ya mlango wa stoo, akasema: Shikamoo mzee, karibu kiti.

Alikuwa anamwamkia gunia la choroko. Mtu alikuwa ameweka kofia juu yake.

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Naye akacheka, akasema alikuwa ananitania. Nikacheka tena.

Sasa ni jioni na sicheki. Alipokuwa anacheka alikuwa anatazama pembeni mwangu, si usoni kwangu. Nimekumbuka anavyomimina chai siku hizi, kidole kimoja ndani ya kikombe. Nilidhani ni tabia mpya ya mjini.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimemwuliza. Nimengoja ale ashibe, nimemwuliza kwa upole: macho yako yakoje?

Vumbi la Kariakoo, kasema. Nikasema twende hospitali ukapimwe. Akasema ameendesha gari kutoka Moshi mpaka hapa wakati wa masika, usiku, taa moja, na sasa mkewe amwambie habari za macho. Akaondoka kwenda barazani. Akajikwaa kizingitini. Kizingiti ambacho tumekivuka tangu tuhamie Mtaa wa Mkunguni.

Hatutaweza bila gari, hilo analijua na mimi nalijua. Misheni hawawezi kuja kuchukua maharage. Lakini si biashara tu. Akiwa kwenye usukani huwa mwingine, mabega yanapanuka. Nitamvuaje kitu hicho?

Jumapili, 15 Septemba

Nimepata njia. Kanisani nilikuwa nasali, lakini ukweli nilikuwa napanga.

Baada ya misa nikamwambia: nifundishe gari.

Akasimama katikati ya barabara. Wewe, Mama Candida? Nikasema wanawake wa Kizungu wanaendesha, na baadhi yao hata kukaanga yai hawajui. Akacheka mpaka Posta.  Halafu akaanza kunieleza klachi. Ameeleza klachi mpaka nyumbani, kwa mikono yote miwili, watu wanatupisha.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimekwenda kuchukua leseni ya kujifunza. Karani kanitazama mara tatu. Vibao vya L nimevifunga mwenyewe kwa waya, mbele na nyuma. Bi Mwanamkuu kauliza hiyo L ni ya nini. Nikamwambia ni ya Lahaula. Kacheka akaunguza vitumbua vitatu, akanipa mimi vyote nivile kwa adhabu.

Sheria inasema mwanafunzi lazima awe na mwenye leseni pembeni yake. Mwenye leseni wangu ni Baba Candida. Serikali imeridhika. Mimi naendesha, na asiyeona ananisimamia.

Jumapili, 22 Septemba

Somo la kwanza la barabarani. Ni mwalimu mzuri kupita nilivyotegemea! Hanipigii kelele. Anasikiliza injini kama daktari. Gia ya pili sasa. Bado. Bado. Sasa. Anajua kila kona ya barabara ya Pugu bila kuitazama, na kweli haitazami.

Nimezima gari mara nyingi. Mbuzi mmoja kanipita.

Karibu na mwisho, mbele yetu, Mzee Mwinyimvua na Waridi.  Nikapunguza mwendo. Sikupiga honi. Mzee akageuza shingo, akatuona, akauinua mkono. Nadhani aliuinua kwa kukata tamaa tu, kama mtu anayetoa shahada. Nikasimama. Gari likazima lenyewe, ikawa adabu zaidi.

Waridi akatulia. Mzee akaitikia kwa kichwa, mkono akaushusha. Nikawasha, nikampita mbali, nikatoa mkono dirishani. Naye akatoa wake.

Baba Candida kauliza: tumesimama kwa nini?

Nikasema: farasi.

 Kisha kasema: ah, ndiyo, nilimwona.

Alhamisi, 26 Septemba

Bi Mwanamkuu kaniita nikae karibu na karai lake. Kasema mumewe hamkasirikii tena mume wangu. Alikasirika siku ya mkwaruzo, siku ile hakula. Lakini juzi kwenye msiba Mchafukoge alimpa Baba Candida mkono wa pole, na Baba Candida akauchelewa, akaushika hewani kwanza. Mzee karudi nyumbani akamwambia mkewe: yule bwana hana ujeuri, haoni.

Kaniuliza, unajua? Nikasema najua. Akanipa kitumbua. Hakusema tena. Nimemshukuru kwa kutosema.

Jumanne, 1 Oktoba

Leo mwandiko mbaya.

Mchana nilikuwa stoo napanga magunia. Baba Candida kachukua gari peke yake, kaenda Posta. Sikumsikia akiondoka. Aliporudi nilisikia mlio, kitu kama sanduku linavunjika. Nikatoka mbio.

Gari liko pembeni mwa duka, gurudumu la mbele juu ya kibao cha Bi Mwanamkuu. Kile anachokalia kila siku, asubuhi hadi alasiri. Kimekuwa kuni. Karai limepinduka, mafuta mchangani, moto umetawanyika.

Bi Mwanamkuu alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri.

Baba Candida kateremka, kafunga mlango, kaniambia: hilo shimo wamelichimba lini hapa?

Hakujua. Watu wamekusanyika, wanamtazama. Nami sikuweza kumwambia mbele za watu. Nikamshika mkono nikamwingiza ndani, nikasema njoo uniangalizie mizani. Bi Mwanamkuu karudi, kaona. Kaanza kuokota vibao taratibu. Nilipotoka kumsaidia alikuwa analia, nami nikalia, tunaokota.

Baadaye nimemweleza Baba Candida chumbani. Nimemweleza yote, kibao, karai, na nani hukaa pale. Hakusema vumbi. Hakusema Kichagga. Kauliza tu: alikuwa wapi? Nikasema msikitini. Akakaa kitandani, kofia mkononi, anaizungusha.

Ijumaa, 4 Oktoba

Siku tatu hazungumzi sana. Bi Mwanamkuu tumempelekea kibao kipya na karai. Baba Candida kavibeba mwenyewe. Kaomba radhi kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Bi Mwanamkuu kasema, yamepita baba, Mungu hakupenda. Kisha akamtania: kibao hiki kigumu kuliko cha zamani, umekusudia kunitesa. Baba Candida kacheka kidogo. Ni mara ya kwanza tangu Jumanne.

Hospitali kakubali. Wiki ijayo, kasema. Usukani hakuutaja. Ufunguo bado unalala mfukoni mwa suruali yake.

Jumamosi, 5 Oktoba

Naandika nikiwa ndani ya gari. Penseli, karatasi juu ya goti.

Alfajiri tumepakia maharage ya misheni. Nikategemea anipe ufunguo. Hakunipa. Kaingia upande wa kulia, kawasha. Nikaingia upande wa kushoto, sikusema neno, sijui kwa nini sikusema. Nimeshika mlango. Tukaondoka polepole, polepole sana, nadhani naye alikuwa anaogopa.

Hatukufika mbali. Mbele ya duka la mwisho, katikati ya barabara, Mzee Mwinyimvua juu ya Waridi. Hapiti. Kasimama. Kainua mkono.

Nikasema: simama. Baba Candida akasimama.

Nyuma yetu lori likaanza honi, na wenye mikokoteni wakaanza maneno yao. Waridi masikio yamelala nyuma, lakini kavumilia, sijui Mzee alikuwa anamnong'oneza nini. Akamleta mpaka dirishani kwa mume wangu. Akainama kutoka juu ya tandiko, karibu kabisa, ili watu wasisikie. Mimi nilisikia.

Asalaam aleikum, Bwana Polycarp. Umeamkaje?

Nimeamka salama, Mzee. Sogeza farasi, unafunga njia.

Nitasogeza. Niambie kwanza, bwana wangu. Mkono wangu uko juu au uko chini?

Ulikuwa juu. Bado ulikuwa juu, unatetemeka kwa uzee.

Mume wangu akageuza uso dirishani. Akatazama. Nilimwona anavyotazama, kwa nguvu, shingo imesimama mishipa. Ningeweza kumnong'oneza. Neno moja tu, juu. Sikulisema. Mungu anisamehe, au anishukuru, sijui.

Akazima gari.

Akasema: Mzee, sijui.

Lile lori likatupita likituchafua vumbi. Baba Candida akateremka, ufunguo kauacha mahali pake. Mzee naye akashuka. Kampa mume wangu hatamu ashike, bila kumwambia ni za nini, na wametembea mpaka kwenye kivuli cha ukuta, wao wawili na farasi katikati. Huko ndiko waliko mpaka sasa. Naona Mzee anazungumza. Naona Baba Candida kaweka kiganja kwenye shingo ya Waridi, anampapasa kama anayesoma.

Mimi nimehamia kiti cha kulia. Mtu wa mkokoteni kaniuliza kama nimepotea njia ya jikoni. Nimemwambia asimame mbele ya gari nimwoneshe njia. Kaondoka.

Wamemaliza. Wameshikana mikono, na mara hii Mzee ndiye aliyeutafuta mkono wa mwenzake. Baba Candida anakuja. Anakuja peke yake, taratibu, kanyoosha mkono mmoja mbele. Kafika kwenye boneti. Kasimama hapo, katikati, kiganja juu ya bati la moto. Kulia nipo mimi. Kushoto kiti ni kitupu na mlango nimeuacha wazi.

Hajasogea. Anauliza, kwa sauti ile ya mwalimu, bila kunitazama: breki ya mkono, Mama Candida, iko juu au iko chini?

Nimemjibu iko juu.

Bado kasimama. Anaifikiria breki. Sasa kiganja kinateleza juu ya bati kuelekea kushoto, kwenye mlango nilioacha wazi; naweka penseli.