Walikuita Mtoro

Dada Mbodze,

Nakuandikia kutoka Bongwe, nyumbani kwa Bi Riziki, chumba kile kile ulicholala wewe ulipokuwa ukichomwa sindano. Usishangae kuwa naandika. Wanawake wa hapa wanakwenda darasa la ngumbaru kujifunza kusoma na kuandika kila alasiri, na Bi Riziki amenisukuma niende nao. Asema mtu akikaa bure ndipo anapolia.

Mimi sikukulilia vizuri. Siku tuliyokuzika kule visimani, karibu na mpaka, ng'ombe walikuwa hawajanywa, na mume wetu alisema tukikawia tutawapoteza waliobaki. Chirima hakusema hivyo kwa ugumu wa moyo. Alikuwa bado ameshika jembe. Tukakufukia, tukaondoka. Mwenyewe ndiwe uliyenifundisha nilipoolewa nikakukuta, nami sijui hata kufunga mzigo: "Nyasi zikiisha hapa, mdogo wangu, usiangalie nyuma."

Nimeangalia nyuma tangu siku ile.

Uhuru ulikuwa bado mbichi ulipoanza kukohoa. Hospitali ya huku pwani wakakuambia ni kifua kikuu, kwamba kinapona, lakini sindano ni kila siku, miezi mingi, bila kukosa. Ukawaomba wakupe dawa uende nayo. Ulitusimulia mwenyewe, tena ukicheka, vile daktari alivyokujibu: "Mama, sheria ni mgonjwa akae karibu. Ninyi mnaohamahama tutawapata wapi?" Nawe ukamwambia, "Penye maji. Mtu yeyote atakuonyesha."

Hata hivyo ulikaa. Hilo watu wamelisahau. Ulikaa hapa kwa Bi Riziki, mama wa Kidigo asiyekujua wala wewe hukujua kwao, akakupa mkeka na chakula. Bado anawasimulia jirani jinsi ulivyokuwa ukimsukumia sahani ya samaki, ukasema huwezi kula kitu kinachokutazama. Asema kila gari likitoka Lunga Lunga, upande wa kwetu, ulikwenda kusimama njiani uulize habari za nyika. Mpaka siku mtu mmoja akakuambia kwamba Chirima amesogea mpakani, ng'ombe wanaanguka njiani, na mwanao Nyevu hataki maziwa ya mkono wangu.

Ilikuwa kweli. Nilijaribu kila njia, dada. Mtoto alikuwa akikutaka wewe.

Kikohozi kilikuwa kimekuacha, ukajiona mzima. Bi Riziki alikushika kanga akikusihi usubiri daktari aseme. Ukamwambia, "Sisi hatuna mtu wa kukaa na mtu wa kwenda. Sote ni wa kwenda." Ukaja. Nilipokuona kwa mbali nilidhani ni mgeni, jinsi ulivyonenepa. Nyevu alikujua kabla yangu.

Furaha yetu haikukaa. Kikohozi kilirudi, safari hii na damu. Chirima na ndugu yake wakakubeba kwenye kitanda hadi barabarani, mimi nikafuata na maji, tukapata lori. Na pale hospitalini, mtu mmoja wa mlangoni akakutambua. Akamwambia mwenzake, "Huyu ni mtoro. Watoro wasubiri, tuanze na waliotii."

Ulikuwa umeniegemea. Nikausikia uzito wako ukitoka begani mwangu. Ulikuwa unajaribu kusimama peke yako. Mengine ya siku ile yamenipotea, lakini hilo bado liko hapa begani.

Walikuchoma tena sindano, ila ugonjwa ulikuwa umeshaizoea dawa. Ukaomba turudi nyumbani. Nyumbani ni wapi, hukuhitaji kutuambia.

Baada yako alikuja bwana mmoja kutoka Kwale, akafanya baraza. Alisema serikali ni yetu sasa, na zahanati zitajengwa, lakini kwa watu waliojenga wakatulia. "Tulieni mahali pamoja, tutawafikia." Chirima unamjua, mbele za watu hafungui mdomo. Siku hiyo alisimama. Akasema, "Bwana, mke wangu alitulia. Alipokuwa ametulia, ng'ombe wakafa. Aliporudi kwa ng'ombe, akafa yeye. Nichague lipi?" Yule bwana hakumkaripia. Alisema neno hilo atalifikisha. Kisha akaingia garini.

Labda alilifikisha, kwani baadaye gari lilitumwa na sindano za ndui. Lakini gari linataka barabara kavu, na barabara ikikauka sisi tumekwisha kuondoka. Likakuta wazee na mbuzi. Tukaja kusikia imesemwa kwamba wafugaji wamekataa kuchanjwa.

Sasa nikuambie lile ninalozunguka nalo tangu mwanzo. Nyevu alianza kukohoa. Nilikaa naye kifuani nikisikiliza, nikaijua sauti ile kabla ya mtu yeyote kuniambia. Chirima naye aliijua. Akaenda akakaa kwa ng'ombe muda mrefu, akarudi akasema, "Wewe kaa naye huko pwani. Mimi nitakwenda." Ndivyo nyumba yako ilivyogawanyika, dada, kwa maneno machache tu. Ng'ombe waliobaki ni wa kuhesabika. Amewachanganya na wa ndugu yake, naye anachunga kama kijana wa kuajiriwa.

Kila asubuhi natoka hapa kwa Bi Riziki nampeleka Nyevu hospitalini kuchomwa sindano. Halii. Siku ya kwanza muuguzi mmoja, msichana mpole, aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamjibu, "Bongwe." Nyevu akainua uso akanitazama. Tulipotoka nje akauliza, "Mama mdogo, kwetu ni hapa sasa?" Nikamwambia tutembee, jua linawaka.

Ameanza kunenepa. Bi Riziki anafurahi, anamshukuru Mungu. Mimi kunenepa huko kunanitisha, kwa maana nimewahi kukuona.

Usiku huota nakamua. Mchana mikono haina kazi. Sijui tukitoka hapa tutarudia nini, wala kama Chirima atakuwa na kitu cha kutungoja. Nyevu akiniuliza namwambia tutarudi, kwa kuwa ni mtoto na lazima aambiwe kitu.

Lakini wewe nakuahidi neno la kweli. Hata nikiletewa habari kwamba mume wetu amebaki na fimbo tu mkononi, sitanyanyuka hapa mpaka daktari aseme basi, amepona, na nimuulize tena, na aseme tena. Hapo nitamchukua mwanao kwa miguu hadi visimani, nimwonyeshe ulipolala, na tukae hata siku nzima bila mtu kutuharakisha.

Koma, roho za wazee wetu, zikupokee, dada yangu. Pumzika. Mtoto nimemshika.

Mimi mke mwenzio,
Umazi